Machicha ya Kahawa

Kila jioni, tukishamaliza chai, mke wangu alinipa sindano na uzi.

"Nitungie, Mzee. Macho yangu yamechoka."

Nilisogea karibu na taa, nikalowesha ncha ya uzi kwa mate, nikatunga, nikamrudishia. Basi. Pengine angeshona kifungo, pengine upindo wa sare yake ya kanisa, na mara nyingi asingeshona chochote. Aliichomeka tu ile sindano kwenye mto wa kiti, akavuta uteo na kuanza kuchagua maharagwe ya kesho. Maharagwe aliyachagua bila miwani, na alimwona mdudu aliyejificha ndani ya punje kabla mimi sijaiona punje yenyewe.

Sikuwa mjinga. Nilijua sindano ile ilikuwa ya kunipimia mikono.

Nilikuwa mlevi. Siku hizi nalitamka neno hilo kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Nilitoka upande wa ziwa nikiwa kijana, nikaja huku kwenye baridi ya Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa kuunga nyuzi zinapokatika kwenye mitambo, kwa hiyo vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa cheti changu. Nikamwoa binti wa huku huku, mwalimu wa chekechea, tukajenga Kiplombe, nje kidogo ya mji. Vidole vilipoanza kutetemeka, msimamizi alinivumilia, akanionya, akanivumilia tena, kisha akanifuta kazi. Sina la kumlaumu. Hata mimi ningejifuta.

Jumapili moja nililala kwenye mtaro wa barabara inayokwenda kanisani kwao, mchana kweupe. Niliamshwa na nyimbo. Akina mama walikuwa wanapita na sare zao nyeupe, na mke wangu alikuwa katikati yao. Aliniona. Akapita, bado anaimba. Baada ya ibada alirudi peke yake, akanisimamisha, akanipangusa matope mgongoni kwa kitambaa chake cha kichwa, tukaenda nyumbani. Nimewahi kutukanwa na watu wengi, lakini hakuna tusi lililowahi kuniingia kama kile kitambaa.

Zamani hakuhitaji sindano. Alikuwa na pua. Nilikuwa nikifika mlangoni, na kabla sijavua viatu alishajua nimekunywa nini, nimekunywa kwa nani, na kama nilitia chochote tumboni kabla ya kunywa. Kisha ule ugonjwa wa wakati wa barakoa ukampata. Alilala wiki mbili, akapona, lakini pua haikurudi. Maziwa yaliungua jikoni naye amesimama hapo hapo. Alinusa sabuni, akanusa kitunguu, akanusa zizi la ng'ombe wetu, akasema ni kama kunusa ukuta. Daktari alimwambia asubiri. Anasubiri mpaka leo. Hakumweleza mtu mwingine, maana alihofia watu wangesema mwalimu wa watoto wadogo asiye na pua atajuaje nani amejichafua. Siri ile ilibaki ya watu wawili, yeye na mimi.

Naona aibu kusema, lakini pua yake ilipokufa mimi nilifurahi. Nilidhani nimepata msamaha wa serikali. Wiki ile ile macho yake yakaanza kuchoka, na sindano ikaanza.

Nilipokuja kuacha pombe, sikuacha kwa sababu inayostahili sifa. Sikutokewa na malaika, wala sikuenda mbele ya kanisa kuombewa. Nilichoka tu. Nilichoka kuamka asubuhi na kuanza kuuliza watu jana nilisema nini. Nilichoka na mwili wangu, na sauti yangu, na ahadi zangu, ambazo nilikuwa nimezitoa mara nne na kuzivunja mara nne. Kwa hiyo mara ya tano sikuahidi. Niliacha kimya kimya. Jioni mke wangu alinipa sindano, nikatunga bila kutetemeka. Kesho yake akanipa tena. Miezi ilipita, mvua zikaja na kwenda, mahindi yakavunwa, na sindano ikaendelea kuja kila jioni. Nilitaka kitu kimoja tu katika uzee wangu huu: siku moja asinipe.

Shamba lililoko nyuma ya nyumba nililianza kwa sababu ya saa kumi. Saa kumi za jioni ndizo zilikuwa saa zangu. Mtu ambaye hajawahi kunywa hawezi kuelewa jinsi saa kumi inavyoweza kuwa ndefu. Miguu inajua njia ya kwenda, na kichwa kinapaswa kuizuia kila siku upya, na kichwa chenyewe kimechoka. Nikachukua jembe. Hapo nyuma hapakuwa na udongo wa maana. Mafundi waliotujengea walikuwa wameacha murramu, ule udongo mgumu wa changarawe, vipande vya mawe na saruji iliyoganda, na samadi ya ng'ombe mmoja haikufika mbali. Sukuma wiki niliyopanda ilitoka ya manjano na nyembamba, ya kuonewa huruma. Managu, ile mboga chungu ya kienyeji, haikutoka kabisa.

Sasa kahawa. Huku kwetu watu ni wa chai. Chai ya maziwa, majani mengi, sukari ya kutosha, asubuhi, saa nne, jioni, na mgeni akija. Kahawa kwetu ilikuwa ile ya unga ya kwenye mkebe, inayofunguliwa akija mtu wa mbali. Lakini mjini wamefungua vijumba vya kahawa, kwa ajili ya wakimbiaji wanaoshuka kutoka kambi za Kaptagat na wageni wanaowafuata kuwapiga picha. Siku moja mvua ya mawe ilinikuta mjini, nikajificha kwenye baraza la kijumba kimoja. Kupitia dirishani nilimwona binti wa mashine ya kahawa akigonga kitu kwenye pipa la taka. Kitu cheusi, kilichogandamana vizuri, saizi ya mandazi. Akagonga kingine, na kingine. Ndani ya nusu saa alitupa cha kujaza sufuria.

Nikaingia. "Hizo mnapeleka wapi?"

"Tunatupa tu, Mzee. Unataka? Kuna customer mmoja huweka kwa maua zake. Anasema zinashika poa."

"Na zinaitwaje?"

"Grounds."

"Kwa Kiswahili?"

Akafikiri kidogo, kitambaa mkononi. "Haina Kiswahili, Mzee. Ni grounds tu."

Tangu hapo nilienda kwake mara mbili kwa wiki na ndoo ya rangi yenye kifuniko. Alikuwa mtoto mwenye adabu, alinipa kila kitu alichokuwa nacho, na wakati mwingine alinipa na chai, kwa sababu nilimwambia kahawa yenyewe siinywi.

Mara ya kwanza niliharibu. Mimi ni mtu wa kuzidisha, hilo ndilo tatizo langu katika kila jambo. Nilichukua zile kahawa mbichi, nikazimwaga juu ya kitalu cha managu na kuzunguka miche ya sukuma, unene wa vidole vinne, nikazipiga kwa ubao zikalala sawa. Nikasimama nyuma kuziangalia. Zilipendeza, nyeusi tititi, shamba likaonekana la tajiri. Kisha jua la Januari likapiga siku tatu. Kahawa ikaganda. Nilipomwagilia, maji yalitiririka juu yake, yakaenda zake kwa jirani. Chini yake udongo ulikuwa mkavu wa kupulizwa. Mbegu za managu zilikufa kabla hazijazaliwa, na miche ya sukuma ikainamisha vichwa, mmoja mmoja.

Mke wangu alikuja na uteo wake, akatazama.

"Umepiga sakafu," akasema.

Nilikasirika siku nzima. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia jua, nikamkasirikia yule customer wa maua, popote alipo. Mtu aliyeacha pombe ana hasira nyingi ambazo zamani alikuwa akizizamisha, na sasa zinaelea tu.

Aliyenisaidia ni redio. Jumamosi asubuhi kuna kipindi cha kilimo, na yule mtangazaji ni mtu wa pwani, Kiswahili kinamtoka kimenyooka. Siku hiyo mtu alikuwa amepiga simu kuuliza swali langu lile lile, na mtangazaji akamjibu kwa upole: machicha ya kahawa hayawekwi mazito. Yanyunyizwe kidogo, yachanganywe na udongo, na majani makavu, na samadi. Yasiwekwe juu ya mbegu, maana mbegu hazitayapenda. Ukiwa na subira, yaache kwanza yaoze.

Machicha ya kahawa. Kumbe zile grounds zina Kiswahili. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Watu wa pwani, nadhani, machicha yao ya kawaida ni yale ya nazi, yanayobaki mtu akishakamua tui. Nikalirudia jikoni, nikalirudia zizini. Na wiki iliyofuata yule binti wa mashine aliponiambia, "Andika jina kwa ndoo, Mzee, zisichanganyike na za wengine," sikuandika jina langu. Nilichukua rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa: MACHICHA YA KAHAWA. Nilijiona msomi.

Ninapokumbuka huwa natamani kucheka, lakini kicheko hakifiki mwisho. Maana hapa Kiplombe, na kote huku juu, machicha ni ya pombe. Ni yale masalio ya mtama na mahindi yanayobaki wakishachuja, wanayopewa nguruwe na ng'ombe. Mtu wa huku hajui machicha mengine. Hata mimi sikuyajua, na mimi nililijua neno hilo kuliko wengi. Lakini redio ilikuwa imeliosha kichwani mwangu, likawa neno jipya safi. Rangi yangu nayo ilikuwa ya bei rahisi. Nilivyokuwa nikiibeba ile ndoo ikinisugua mguuni, YA KAHAWA ilifutika yote. Ikabaki MACHICHA. Mlevi mstaafu, anatembea barabarani mara mbili kwa wiki, ameshika ndoo iliyofunikwa, na jina la kilichomo limeandikwa juu yake.

Dalili zilikuwepo ila sikuzisoma. Jirani mwenye nguruwe alinisimamisha njiani.

"Mzee, hiyo machicha unatoa wapi? Nguruwe zangu zimekonda."

"Hii nguruwe hawezi kula," nikamwambia.

Akanitazama vibaya, akadhani namnyima. Akina mama wa kanisa wakaanza kunisalimia haraka haraka. Mzee wa nyumba kumi, ambaye tulikuwa tukizungumza naye kuhusu mvua, sasa alizungumza nami huku anaiangalia ndoo.

Kisha nikafanya la pili. Nyuma ya nyumba, kando ya zizi, tulikuwa na pipa la plastiki la bluu. Nikaweka humo machicha ya wiki tatu, maganda ya ndizi, samadi, maji, na kwa kuwa nilitaka yaoze upesi, nikaongeza molasi iliyobaki kwenye chakula cha ng'ombe. Nikafunika kwa gunia na jiwe. Baada ya siku chache lilianza kuchemka lenyewe, povu likapanda, na harufu ikatoka.

Ilikuwa saa kumi, bila shaka. Nilifunua gunia ili nikoroge, na ile harufu ikanipiga usoni. Kahawa ilikuwa imekwisha kabisa humo. Ilikuwa chachu, tamu, nzito; ilikuwa harufu ya nyumba zote nilizowahi kukaa nimeinamisha kichwa. Mate yakanijaa kinywani. Nilijua kabisa kwamba ndani ya pipa kuna maganda na mavi ya ng'ombe, na bado mate yakanijaa. Nikafunika, nikaweka jiwe, nikaongeza na jiwe la pili, nikaenda kukaa mbele ya nyumba nikiwa nimeshika magoti. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Nilitaka kumwambia. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimejitengenezea mwenyewe harufu ile nyuma ya nyumba yake? Na yeye hawezi kuinusa? Jioni nilitunga uzi kwa mara ya pili ya kujaribu, naye akaona kwamba ni mara ya pili. Alichelewa kuichomeka sindano kwenye mto.

Hata hivyo mboga zilianza kuitikia. Yaliyomo pipani niliyazimua kwa maji mengi na kuyamwaga kidogo kidogo pembeni mwa mashina, nikalijaza pipa upya, na machicha mengine makavu niliyachanganya na udongo kwa mikono, safari hii kwa kipimo cha mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Udongo ukaanza kulegea. Nilipochimba nilikuta nyungunyungu wanene, mahali ambapo zamani jembe lilikuwa likigonga saruji. Sukuma ikapata rangi. Managu ikatoka upya, majani mapana, yenye uchungu unaotakiwa. Sikuwa na furaha kubwa, nisidanganye. Nilikuwa nimechoka mgongo na magoti. Lakini kulikuwa na kitu kinachokua, na mimi ndiye niliyekipanda, na nilikuwa nakikumbuka kila siku nilivyokipanda.

Walikuja Jumamosi alasiri. Mzee wa nyumba kumi alitangulia, na nyuma yake alikuwa naibu wa chifu, mama kijana aliyesoma chuoni pale Chepkoilel, mpole, aliyevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. Tulisalimiana. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni na uteo wa maharagwe. Naibu wa chifu alimsalimia yeye kwanza, kisha akanigeukia.

"Mzee, samahani. Kuna watu wamekuja kwangu wanasema kuna kangara inapikwa hapa. Mimi sijasema ni ukweli. Nimekuja tu kuangalia."

Kangara ndiyo ile pombe changa inayochachishwa kabla ya kupikwa iwe chang'aa. Ukikutwa nayo unapelekwa kituoni, na pipa linamwagwa barabarani watu wote wakiona.

"Hakuna kangara hapa," nikasema.

"Basi hakuna shida. Tuonyeshe tu hiyo pipa ya nyuma."

Mzee wa nyumba kumi alishajua lilipo. Tukaenda. Niliondoa jiwe la kwanza, nikaondoa la pili, na hata mimi nikaona jinsi mawe mawili yanavyoonekana kwa mtu anayetafuta kosa. Nikafunua gunia. Povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni. Naibu wa chifu akarudi nyuma hatua moja na kuziba pua kwa mkono.

"Hii ni nini, Mzee?"

Ningesema mbolea, mambo yangeisha. Ningesema takataka. Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika neno lililo karibu.

"Ni machicha," nikasema. "Machicha ya kahawa."

Mzee wa nyumba kumi alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikuambia, madam? Amesema mwenyewe. Machicha!"

"Ya kahawa," nikasema. "Kutoka mjini. Ni mbolea. Walisema kwa redio."

"Kahawa ndiyo inanuka hivi?" akauliza naibu wa chifu, na hakuuliza kwa ubaya. "Mzee, mimi kahawa naijua. Hii hainuki kahawa."

Alisema kweli. Haikunuka kahawa hata kidogo. Nikaanza kueleza habari za molasi, na kila neno nililoongeza likawa ushahidi: molasi, siku kumi, kuchachua, kufunika. Jasho likanitoka kwenye ile baridi. Nilijisikia nikizungumza kwa ile sauti yangu ya zamani, ya kueleza, ya kuapa, na nikachoka katikati ya sentensi. Nikawaza, wacha walimwage. Wacha wanipeleke. Mtu aliyelala mtaroni mbele ya kanisa zima anadai kuaminiwa na nani?

Mke wangu alikuwa amekuja. Sikumsikia. Alisimama pembeni ya zizi, uteo bado mkononi, akaniangalia. Sikuweza kumwangalia machoni.

"Mama," naibu wa chifu akamwambia, "wewe ndiye unaishi hapa. Nitachukua neno yako. Hii ni nini?"

Mke wangu aliweka uteo chini, taratibu, asimwage hata punje. Akaja mpaka penye pipa. Akashika ukingo kwa mikono yote miwili, akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa povu, akavuta pumzi ndefu. Kila mtu alimwona. Akakaa hapo hapo ameinama, akavuta nyingine, kama mtu anayehakikisha. Kisha akasimama wima na kujipangusa mikono kwenye leso.

"Ni kahawa," akasema. "Imeoza tu. Ni ya mboga."

"Una hakika, Mama?"

"Nimeishi na pombe kwa nyumba hii miaka mingi. Naijua ikiwa bado iko kwa barabara. Hii ni kahawa." Kisha akamgeukia mzee wa nyumba kumi. "Na huyu siku hizi anakunywa chai. Mkitaka mtakunywa na yeye. Nimechemsha."

Hawakutaka chai. Naibu wa chifu aliniomba msamaha, akanishauri nisiweke molasi nyingi, akaondoka akitafuta pa kukanyaga. Mzee wa nyumba kumi alimfuata, amekunja uso, na alipofika kwenye managu yangu akasimama kuitazama kabla ya kupita.

Nilibaki nimeshika gunia. Mle ndani ya pipa angeweza kuinamia chochote, maua au choo, isingeleta tofauti yoyote. Hakunusa kitu. Kati ya watu wote waliosimama pale, mimi peke yangu nilijua kwamba hakunusa kitu. Alikuwa ameweka jina lake juu ya pipa lile, jina la mwalimu wa watoto wao na la mama wa kanisa, kwa kutegemea neno langu tu, neno ambalo nililivunja mara nne. Machozi yalinitoka. Nililifunika pipa ili nipate kitu cha kufanya.

Jua liliposhuka mke wangu aliingia jikoni. Alipika managu kwa maziwa, akaniuliza kama chumvi imetosha, maana tangu ule ugonjwa hata chumvi anaibahatisha. Nikamwambia imetosha. Ilikuwa imezidi, nikala yote.

Kisha chai. Kisha akatoa shati langu la bluu lililopungua kifungo, na kikopo cha nyuzi. Akachomoa sindano kwenye mto wa kiti.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa unatetemeka. Haikuwa pombe, Mungu anajua. Ilikuwa ni mambo ya mchana ule, yalikuwa bado hayajanitoka mwilini. Lakini mkono unaotetemeka hauelezi sababu zake. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya naibu wa chifu. Nikawaza, leo, kati ya siku zote, leo nitalikosa tundu. Nikaunyoosha hivyo hivyo.

"Lete nikutungie," nikasema.

Hakunipa. Alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akaiinua sindano mbele ya taa kwa umbali wa mkono mzima, akatunga mara moja tu, bila hata kukunja uso. Akafunga fundo.

"Macho yangu hayana shida," akasema. "Hayajawahi kuwa na shida."

Akaanza kushona kifungo. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka pale katikati yetu, unatetemeka, nami sikujua niuweke wapi.